Mchochezi Akemewe na Watu wa Kwake

Kila uchaguzi mkuu unapokaribia nchini Kenya, mambo huenda kwa utaratibu uleule. Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa (NCIC) hutoa onyo, polisi hutangaza kwamba mitandao ya kijamii inafuatiliwa, na mwanasiasa mmoja au wawili hufikishwa mahakamani wakisindikizwa na mashabiki wao. Sisi wengine huketi tukingoja serikali ituondolee chuki kwenye simu zetu. Naamini tunamngoja asiyekuja. Nguvu ya matamshi ya chuki haimo kwa anayeyatoa, wala haimo kwa anayetukanwa. Imo kwa wasikilizaji wa upande wa msemaji: watu wa kabila lake, dini yake, chama chake na kijiji chake, ambao husoma, hukunja uso, kisha hunyamaza mpaka kimya chao kikaonekana kuwa idhini. Ikiwa hivyo ndivyo, basi mwenye wajibu wa kwanza wa kujibu ni mtu wa upande huohuo. Sheria na kampuni za mitandao zina sehemu yao, lakini sehemu hii hakuna atakayeitimiza kwa niaba yetu.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini, maana neno chuki limetumiwa ovyo. Kumkejeli rais si chuki. Kudai kwamba jamii fulani imependelewa katika ajira za serikali, hata kwa ukali, si chuki. Hiyo ni hoja ya siasa, na inaweza kujibiwa kwa takwimu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 33, inalinda uhuru wa kujieleza, kisha inasema wazi kwamba uhuru huo haufiki kwenye propaganda za vita, uchochezi wa ghasia wala matamshi ya chuki. Mpaka wenyewe upitie wapi ni swali gumu, na mwaka 2012 wataalamu walioitwa na Umoja wa Mataifa walilijibu kwa waraka unaojulikana kama Mpango wa Rabat. Waraka huo unataka mambo sita yapimwe: hali ya mahali na wakati, nafasi ya msemaji katika jamii, nia yake, maudhui na namna alivyoyasema, jinsi yalivyosambaa, na uwezekano wa madhara kutokea. Ukiyatazama vizuri, mengi kati ya hayo hayahusu maneno yenyewe. Yanahusu nani anamwambia nani, wapi, na nini kinaweza kufuata.

Ndiyo maana neno la kawaida kabisa laweza kuua mahali fulani na lisidhuru kitu mahali pengine. Madoadoa na kwekwe yalikuwa miongoni mwa maneno ambayo NCIC iliyaorodhesha Aprili 2022 kuwa ya uchochezi. Hakuna anayeshtuka akisikia madoadoa ya ngozi, wala mkulima anayesema anang'oa kwekwe shambani. Lakini neno la kwanza lilipotamkwa na seneta jukwaani Eldoret, Januari mwaka huo, alikamatwa, na Wakenya wengi walijua sababu bila kuelezwa. Katika Bonde la Ufa neno hilo lilikwisha kutumiwa dhidi ya jamii zilizoonekana kuwa za kuja, na si mbali na Eldoret liko Kiambaa, ambako watu waliokimbilia kanisani waliteketezwa tarehe 1 Januari 2008. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, na mamia ya maelfu walikimbia makwao. Neno lenye historia hiyo halihitaji kuamrisha lolote. Linawakumbusha wasikilizaji jambo ambalo liliwahi kuruhusiwa, na kuwauliza kama bado linaruhusika.

Swali hilo ndilo kiini cha matamshi ya chuki, na hakuna mahali lilipojibiwa kwa gharama kubwa kuliko Rwanda, wakati wa mauaji ya kimbari. Gazeti la Kangura, na baadaye redio ya RTLM iliyoanza kutangaza Julai 1993, viliwaita Watutsi mende. Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyoketi Arusha iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo pamoja na mhariri wa gazeti hilo. Tangu hapo imezoeleka kusimulia kwamba redio ndiyo iliyowapumbaza watu wakaua. Utafiti unaonyesha picha tofauti kidogo, na yenye funzo kubwa zaidi. Mwanasayansi wa siasa Scott Straus alipowahoji wafungwa waliokiri kuua, wengi walisema walihamasishwa ana kwa ana, na viongozi wa mtaa, wanaume wa kijiji na majirani waliowapitia nyumbani. Mchumi David Yanagizawa-Drott, aliyelinganisha vijiji vilivyopata mawimbi ya RTLM na visivyoyapata, alikadiria kwamba matangazo hayo yalichangia takriban asilimia kumi ya ushiriki katika mauaji. Hiyo ni roho nyingi mno, na redio haitakaswi na hesabu hiyo. Lakini sehemu kubwa iliyobaki ilipitia kwa watu wanaojuana. Redio ilitangaza kwamba sasa inaruhusiwa. Jirani akapita mlangoni kuthibitisha kwamba kweli inaruhusiwa.

Rwanda hiyohiyo imetupa ushahidi wa upande wa pili. Mwaka 2004 ulianza kutangazwa huko mchezo wa redio uitwao Musekeweya, unaosimulia uhasama wa vijiji viwili na watu wanaothubutu kuwapinga viongozi wao wenyewe. Mwanasaikolojia Elizabeth Levy Paluck alifuatilia wasikilizaji wake na kuwalinganisha na watu waliosikiliza mchezo mwingine wa masuala ya afya. Imani za ndani za wasikilizaji wa Musekeweya hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni dhana yao kuhusu yale ambayo watu wa jamii yao huyakubali: kama inafaa kumpinga mkubwa, kama ndoa za mchanganyiko ni jambo la kawaida, kama mtu anaweza kusema asichokubaliana nacho. Matokeo hayo yanafaa kutupa moyo. Hatuna uwezo wa kuingia ndani ya kifua cha mtu na kuing'oa chuki yake. Tunao uwezo wa kumwonyesha kwamba wenzake hawako naye kama anavyodhani, na mara nyingi hilo hutosha kumzuia kutenda.

Sasa tuyalete haya kwenye simu. Chuki iliyo hatari zaidi leo katika Afrika Mashariki haiko kwenye kurasa za wazi ambako kila mpita njia anaiona. Imo katika makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya waliosoma pamoja, ya jumuiya za kanisa na msikiti, ya chama tawini. Ujumbe wa humo umefumbwa kiasi kwamba hata kampuni yenyewe haiusomi. Tuseme kundi lina watu mia mbili, na mmoja analeta sauti iliyorekodiwa inayodai kwamba jamii jirani inajipanga kuwafukuza, hivyo wawahiwe. Watatu wanapiga makofi kwa vikaragosi. Mia moja tisini na sita wananyamaza, pengine wengi wao wakiwa wamechukizwa. Kijana anayesoma ujumbe huo usiku hawezi kuiona karaha ya wale walionyamaza. Anachoona ni makofi, na hakuna aliyepinga. Kwake, kundi zima limekubali. NCIC haimo katika kundi hilo, polisi hawamo, na jamii inayotukanwa haimo. Waliomo ni sisi, watu wa kwao.

Je, kuna uthibitisho kwamba jibu la mtu wa kwao lina uzito? Upo, ingawa si wa miujiza. Mtafiti Kevin Munger alichapisha mwaka 2017 jaribio alilolifanya Twitter kwa wanaume weupe wa Marekani waliokuwa wakiwarushia watu neno la kibaguzi dhidi ya weusi. Aliwajibu kwa akaunti alizoziunda mwenyewe, baadhi zikiwa na sura ya mzungu na baadhi ya mtu mweusi, nyingine zikiwa na wafuasi wengi na nyingine wachache. Onyo lilikuwa fupi: kumbuka kuna watu wa kweli wanaoumia ukiwasema hivyo. Walipokemewa na mzungu mwenye wafuasi wengi, walipunguza matumizi ya neno hilo kwa kiasi cha kuonekana. Onyo lilelile kutoka kwa akaunti nyingine halikuzaa matokeo ya kutegemewa. Mwaka 2021 watafiti wa Uswisi walichapisha jaribio lililohusisha watumiaji 1,350 wa Twitter waliokuwa wameandika chuki dhidi ya wageni. Walijaribu njia tatu: kuwachekesha, kuwaonya kuhusu madhara yatakayowapata wao, na kuwataka wafikirie maumivu ya wanaosemwa. Ni njia hiyo ya tatu tu iliyoleta badiliko thabiti. Badiliko lenyewe lilikuwa dogo, na sitalikuza. Ila jawabu dogo linaloweza kutolewa na mamilioni ya watu kila siku si jambo la kudharau.

Kenya yenyewe ina rekodi yake. Kuanzia mwishoni mwa 2012, mradi wa Umati ulioendeshwa na iHub na Ushahidi jijini Nairobi ulifuatilia matamshi ya hatari mtandaoni kuelekea uchaguzi wa Machi 2013, kwa Kiingereza, Kiswahili, Sheng na lugha kadhaa za jamii. Sehemu kubwa mno ya matamshi hayo ilipatikana Facebook na kidogo sana Twitter. Sababu mojawapo waliyoitaja watafiti ni kwamba Twitter mambo yote yalikuwa hadharani, na Wakenya wenzake walimrukia msemaji papo hapo mpaka akaomba radhi au kufunga akaunti. Kwenye makundi ya Facebook kila mtu aliandika mbele ya wanaofikiri kama yeye. Wakati huohuo waigizaji wa Vioja Mahakamani, wanaofahamika sana katika runinga ya taifa, walicheza vipindi vinne kuhusu uchochezi, vikiwaonyesha watazamaji jinsi mchochezi anavyofanya kazi na nani hunufaika. Hapakuwa na mgeni wa kuwahubiria Wakenya. Walikuwa watu wao, kwa lugha yao, wakizifichua hila za watu wao.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii ni ya sheria, na kwamba kumtwika raia ni kuikwepesha serikali wajibu wake. Sheria ipo: Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 13, inaweka faini isiyozidi shilingi milioni moja au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Nataka itumike kwa viongozi wanaochochea, kwa kuwa nafasi ya msemaji ni moja ya mambo sita ya Rabat, na mwenye jukwaa kubwa anabeba dhamana kubwa. Lakini sheria huja baada ya neno kusambaa, na huja polepole. Juni 2016 wanasiasa wanane wa pande mbili walizuiliwa na polisi kwa tuhuma za uchochezi, na walipotoka walizungumzia urafiki walioujenga kizuizini. Wakubwa walipatana kwa siku chache. Maneno yao yalibaki kwa wafuasi ambao hakuna aliyewapatanisha. Tena sheria ni panga lenye makali kuwili. Serikali zetu zimezoea kuuita ukosoaji uchochezi. Tanzania ilibana mitandao ya kijamii wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2020, na Uganda ilizima intaneti nzima Januari 2021, kwa jina la usalama. Anayetaka dola iwe ndiyo kinga pekee dhidi ya chuki aiangalie dola hiyo imefanya nini na mamlaka iliyokuwa nayo.

Wengine watasema kampuni ndizo zinazopata faida, basi ndizo zisafishe. Hapo sina ubishi, na ushahidi unazihukumu. Julai 2022, wiki chache kabla ya uchaguzi wa Kenya, mashirika ya Global Witness na Foxglove yaliwasilisha Facebook matangazo ya majaribio yenye chuki ya kikabila, kwa Kiswahili na Kiingereza. Yote yaliidhinishwa. Ya Kiingereza yalikataliwa kwanza kwa sababu ya sarufi na matusi, na yaliporekebishwa kidogo yakapita. Nchini Ethiopia, profesa wa kemia wa Bahir Dar aliuawa Novemba 2021 baada ya Facebook kusambaza machapisho yaliyomtaja na kueleza anakoishi; familia ilikuwa imeyaripoti. Mwanawe alifungua kesi Nairobi, na Aprili 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba ina uwezo wa kuisikiliza. Kesi hiyo ni muhimu kwa bara zima. Lakini mwendo wake wenyewe unatuonya: zaidi ya miaka mitatu tangu mauaji, uamuzi ulikuwa bado ni wa kama kesi inaweza kusikilizwa. Tuzidai kampuni ziajiri watu wanaozijua lugha zetu na tuzishitaki zinapozembea, huku tukijua kwamba usiku ujumbe unapofika, mwenye uwezo wa kujibu ndani ya dakika tano ni aliyeupokea.

Pingamizi lililo zito zaidi kwangu ni kwamba kujibu huisambaza chuki, kwa kuwa mitandao hupandisha juu kila kinachozua mabishano. Ni kweli, na ndiyo sababu namna ya kujibu ina uzito kuliko ghadhabu ya anayejibu. Kwenye mtandao wa wazi, usilishiriki chapisho la mchochezi hata kwa kulilaani. Liripoti, kisha andika msimamo wako kwa maneno yako mwenyewe bila kumtaja. Kwenye kundi lililofungwa hatari hiyo haipo, maana waliomo wamekwisha kusoma, na anayejibu huwajibu wao. Haandiki ili kumshinda mchochezi. Anaandika ili mia moja tisini na sita wajue hawako peke yao. Maneno machache yanatosha: sisi hatuwasemi majirani zetu hivyo, na habari hii haina chanzo. Anayemjua msemaji vizuri amfuate pembeni, kwa simu, kwa heshima ya umri na ukoo, kwa sababu mtu aliyeumbuliwa mbele ya watu hutafuta ushindi badala ya njia ya kurudi. Msimamizi wa kundi aufute ujumbe na aseme kwa nini ameufuta. Kufuta kimyakimya hakumfundishi yeyote.

Najua pia kwamba anayewakemea watu wake huitwa msaliti, na kwamba wakati wa uchaguzi neno hilo linaweza kumletea mtu hatari ya kweli. Simdai mtu aliye peke yake, kijijini ambako vijana wamekwisha kupangwa, ajitoe mhanga kwa ujumbe wa simu. Huyo awatafute wazee, viongozi wa dini au namba za dharura. Namdai mwenye hadhi: mwalimu, mfanyabiashara, mchungaji, shehe, msomi aliye ughaibuni asiyeweza kufikiwa na jiwe la mtu. Jaribio la Munger linaonyesha kwamba sauti ya mwenye heshima kwao ndiyo yenye uzito, na mwenye heshima pia ndiye mwenye kinga. Mzigo huu haupaswi kuangukia wanaotukanwa. Si haki kumtaka anayetishiwa kufukuzwa athibitishe kwa upole kwamba naye ni mtu, na hata akifanya hivyo, upande wa pili haumsikilizi. Waswahili walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Jamii inayoogopa kuwakasirisha wachochezi wake itakuja kulia pamoja na majirani zake, kwa sababu moto wa ghasia haukuwahi kuishia upande mmoja.

Hata hivyo, kukemea chuki kusiwe kisingizio cha kuzika madai. Wakenya wanakumbuka jinsi mwaka 2013 wito wa amani ulivyogeuka kuwa wito wa kunyamaza, hata kuuliza kuhusu hesabu ya kura kukaonekana uchochezi. Ardhi iliyonyakuliwa katika Bonde la Ufa na Pwani, ajira zisizogawanywa kwa haki, fidia ambazo hazikuwafikia wote waliofukuzwa: haya ni madai ya kweli, na mchochezi huyatumia kwa kuwa ni ya kweli. Anachofanya ni kuligeuza kosa la wenye madaraka kuwa kosa la jirani maskini. Jibu zuri hulitenganisha dai na uongo huo: ndiyo, ardhi ilichukuliwa, tuitaje sheria iliyovunjwa na ofisi iliyoidhinisha, tumwache mama muuza mboga. Vijana walioandamana Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha walionyesha kwamba inawezekana kuikasirikia serikali vikali na papo hapo kukataa kugawanywa. Walijitangaza kuwa hawana kabila, hawana chama na hawana kiongozi, na kauli hiyo ilienea kwa mitandao ileile ambayo tunailaumu kwa kubeba chuki.

Wakenya watapiga kura tena Agosti 2027, na jirani zao wana chaguzi na migogoro yao, kuanzia mashariki mwa Kongo ambako watu wanaozungumza Kinyarwanda wanaitwa wavamizi katika nchi walikozaliwa. Maandalizi hayahitaji kungoja bajeti wala tume mpya. Kila kundi la simu lina msimamizi anayeweza kuandika leo kanuni moja: hapa haitasemwa jamii, dini wala kabila la mtu kwa namna ya kulidhalilisha wala kulitisha, na atakayevunja atakemewa na wa kwao. Kila kanisa, msikiti na chama kinaweza kukubaliana mapema ni nani atasema neno la kwanza uchochezi ukiingia, ili asiwepo anayengoja mwenzake. Mkuki ni mtamu kwa nguruwe, na kila mmoja wetu ni hodari wa kuiona chuki ya upande wa pili na kuipigia picha ya skrini. Kazi iliyobaki ni ngumu kuliko hiyo, na imetuangukia sisi: kuiona ya kwetu, na kuijibu kwa majina yetu kabla haijasomwa kuwa ni kauli yetu sote.